Senti 75 na daftari la mwanafalaki: upelelezi wa kompyuta ulikotoka

Agosti 1986, katika Maabara ya Lawrence Berkeley, jimbo la California, hesabu za kompyuta zilipishana kwa senti 75. Maabara ile ilikuwa ikiwatoza watafiti ada kwa muda waliotumia kompyuta zake kubwa, na hesabu hizo zilipigwa na programu mbili, kila moja kivyake. Moja ilionyesha mahesabu ya mwezi yametimia. Nyingine ilionyesha pengo la senti 75. Kazi ya kulitafuta pengo hilo alikabidhiwa mgeni wa idara, Clifford Stoll, mwanafalaki aliyehamishiwa kitengo cha kompyuta baada ya fedha za utafiti wake wa darubini kukauka.

Haukupita muda Stoll akakuta akaunti yenye jina la Hunter, ambayo haikuwa na anwani ya kupelekewa ankara. Hakuna aliyekumbuka kuifungua. Akaifuta. Siku chache baadaye ukaja ujumbe kutoka kompyuta nyingine iliyoitwa Dockmaster, ukilalamika kwamba mtu wa Berkeley amejaribu kuiingia bila ruhusa. Akafuatilia tena, akakuta safari hii imetumika akaunti ya mwenzao mmoja aliyekuwa Uingereza wakati huo, wala hakuwa amegusa kompyuta za maabara.

Katika ofisi nyingi mambo yangeishia hapo. Unabadilisha nywila, unaziba tundu, unarudi kwenye kazi zako. Stoll na wakubwa wake waliamua vingine: wamwache mvamizi aendelee kuingia, wao wamwangalie. Na namna alivyomwangalia ndiyo inayonifanya niamini kwamba historia ya fani hii inastahili kuanzia kwake, ingawa wapo waliomtangulia.

Alijua kwamba mvamizi ameshajipatia mamlaka ya msimamizi mkuu wa mfumo. Mtu wa namna hiyo anaweza kuona programu zote zinazoendeshwa, na anaweza kufuta au kubadili kumbukumbu yoyote iliyomo ndani ya kompyuta. Programu ya kumpeleleza angeigundua mara moja. Kwa hiyo Stoll aliweka macho yake nje ya kompyuta. Mwishoni mwa wiki, wenzake wakiwa majumbani, alipita ofisi kwa ofisi akikusanya printa na vituo vya kompyuta kwenye meza zao, akaviunganisha kwenye laini 50 za simu zilizoingia maabara, akalala palepale chini ya meza. Kila herufi iliyopita kwenye laini ilichapwa kwenye karatasi papo hapo. Karatasi ile mvamizi hakuwa na njia ya kuifikia.

Pembeni mwa printa alikuwa na daftari, kama alivyozoea kule kwenye darubini. Aliandika tarehe, saa, nani kapiga simu, kasema nini, mvamizi ameingia lini na ametoka lini, amefungua faili gani. Hakuwa amesomea upolisi wala sheria. Alichokileta ni tabia ya mwanasayansi, ya kutoiamini kumbukumbu yake ya kichwani na kuacha maandishi ambayo mwingine anaweza kuyakagua.

Karatasi zikaonyesha mbinu nzima. Mvamizi alitumia kasoro katika programu ya kuhariri maandishi iitwayo Emacs. Sehemu yake ya kuhamisha barua iliweza kulipeleka faili lolote popote, hata mahali palipokatazwa. Akapachika faili lake mahali pa faili halali la mfumo, na kompyuta, ambayo kila baada ya dakika tano hulitekeleza faili hilo bila kuuliza, ikamkabidhi mamlaka yote. Kekeo hufanya hivyo kwa mayai yake: hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, na mwenye kiota akayaatamia akidhani ni yake. Ndiyo maana kitabu alichokitoa Stoll mwaka 1989 kinaitwa The Cuckoo's Egg, yaani Yai la Kekeo.

Baada ya hapo mvamizi alikuwa akipekua kompyuta za jeshi la Marekani kwa kupitia Berkeley, akitafuta maneno kama nyuklia na SDI, mpango wa Rais Ronald Reagan wa kujikinga na makombora. Stoll akapiga simu FBI. Walitaka kujua hasara ni kiasi gani, na senti 75 hazikumvutia yeyote. Watu wa mashirika ya ujasusi ya CIA na NSA, na wa jeshi la anga, walimsikiliza kwa makini na kuandika aliyoyasema, lakini kila idara iliona jukumu ni la mwenzake. Hakukuwa na ofisi ya serikali iliyojua kwamba kazi ile ni yake.

Kumfuata mvamizi kulihitaji kampuni za simu, na hizo zilihitaji hati za mahakama. Laini ilipitia mtandao wa Tymnet, ikazunguka na kuvuka bahari hadi Ujerumani Magharibi, ikatokea Bremen, kisha Hannover. Hapo kukawa na kikwazo kisichotarajiwa. Kituo cha simu cha Hannover kilikuwa bado kinatumia swichi za kizamani za mitambo, na ili kujua simu inatoka nyumba ipi ilimbidi fundi azifuate nyaya kwa mkono, moja baada ya nyingine. Mvamizi alikuwa akikata simu kabla fundi hajamaliza.

Martha Matthews, mchumba wa Stoll, ndiye aliyekuja na dawa: mpeni kitu cha kusoma. Wakatunga idara nzima ya uongo iitwayo SDINET, wakaijaza barua na ripoti za kubuni za kijeshi, ndefu na zenye kuchosha, wakaipa na katibu muhtasi asiyekuwepo duniani. Januari 1987 mvamizi aliziona, akatulia kuzinakili. Alikaa kwenye laini muda wa kutosha, na fundi wa Hannover akafika mwisho wa waya. Miezi michache baadaye ikaja barua ya posta kutoka Pittsburgh, mwandishi wake akiomba nyaraka za mradi huo wa SDINET, mradi ambao nje ya watu wachache wa Berkeley ulikuwa unajulikana na mvamizi tu.

Aliyekuwa upande wa pili ni Markus Hess, kijana wa Hannover, ambaye pamoja na wenzake alikuwa akiuza taarifa walizoziiba kwa KGB, shirika la ujasusi la Kisovieti. Polisi wa Ujerumani walipekua kwake katikati ya 1987 wakashindwa kumfunga kwa ushahidi walioupata. Kesi ilikuja kusikilizwa mjini Celle mwaka 1990, Stoll akasafiri kwenda kutoa ushahidi, na Hess na wenzake wawili wakatiwa hatiani kwa ujasusi, wakapewa vifungo vya nje. Katika makala aliyoichapisha Mei 1988 kwenye jarida la wanasayansi wa kompyuta wa Marekani, Stoll aliandika kwamba mvamizi alijaribu kompyuta zipatazo 450 na akafanikiwa kuingia zaidi ya 30.

Sheria nazo zilikuwa zinajikokota nyuma ya matukio. Florida ilitunga sheria ya uhalifu wa kompyuta mwaka 1978, baada ya wafanyakazi wa uwanja wa mbio za mbwa mjini Miami kutumia kompyuta kuchapa tiketi bandia za ushindi. Marekani yote ikapata yake 1986. Uingereza ilijifunza kwa aibu: vijana wawili waliingia kwenye mtandao wa Prestel na kufikia hadi kisanduku cha barua cha Mwanamfalme Philip, wakahukumiwa kwa sheria ya kughushi, na mwaka 1988 majaji wa Baraza la Malodi wakasema sheria hiyo haikutungwa kwa jambo la namna ile. Ndipo Bunge likatunga mpya mwaka 1990.

Wakati huo FBI ilikuwa tayari na kikosi chake cha kuchambua kompyuta kilichoanza 1984, na taratibu wapelelezi wakakubaliana juu ya jambo moja ambalo Stoll alilifanya bila kufundishwa: kielelezo kisiguswe. Kuiwasha tu kompyuta hubadili mamia ya tarehe ndani yake. Kwa hiyo mchambuzi huitoa diski kuu, huiunganisha kupitia kifaa kinachoruhusu kusoma na kuzuia kuandika, na kunakili kila kipande cha taarifa hadi cha mwisho, pamoja na sehemu zinazoonekana tupu. Sehemu hizo tupu zina mali nyingi. Ukifuta faili, mara nyingi kompyuta hufuta anwani yake tu katika orodha, na maandishi yenyewe hubaki hadi yaandikwe mengine juu yake.

Kisha hupigwa hesabu iitwayo hashi. Diski nzima, hata ikiwa na picha laki moja, huzaa mfuatano mmoja mfupi wa herufi na tarakimu. Badili nukta moja katika barua moja, na mfuatano wote unageuka. Mchambuzi huupata wa diski halisi na wa nakala, akailinganisha, akaiandika kwenye fomu, na miaka miwili baadaye hakimu anaweza kuagiza urudiwe mbele yake. Hashi iliyotumika sana, MD5 ya Ronald Rivest, ilitolewa 1992 na ina vibambo 32. Mwaka 2004 watafiti wa China walionyesha kwamba mafaili mawili tofauti yanaweza kutengenezwa yakatoa jibu moja, na fani ikaanza kuhamia kwenye hesabu ndefu zaidi.

Kesi iliyowafumbua macho watu wa kawaida Uingereza ni ya daktari Harold Shipman, wa mji wa Hyde. Alikuwa akiwaua wagonjwa wake, wengi wao kina mama wazee, kwa sindano za dawa kali ya maumivu, kisha anaandika cheti cha kifo yeye mwenyewe. Polisi walipoichukua kompyuta ya zahanati yake mwaka 1998, majalada yalimtetea: mgonjwa huyu alilalamika kifua mwaka jana, yule alikuwa na moyo dhaifu. Lakini programu ya majalada ilikuwa inatunza, kwa siri kwa asiyejua, saa halisi ambayo kila mstari umeingizwa. Malalamiko ya kifua yenye tarehe ya mwaka uliopita yaliandikwa siku ileile mgonjwa alipofariki. Alipoonyeshwa hayo katika mahojiano, daktari yule hakuwa na maelezo. Januari 31, 2000 alitiwa hatiani kwa mauaji ya watu 15.

Miaka mitano baadaye, huko Wichita, Kansas, muuaji aliyewatesa polisi tangu 1974 aliwaandikia akiuliza kama akiwatumia disketi wataweza kumjua. Wakamjibu kwa tangazo la gazeti kwamba hakuna shida. Februari 2005 disketi ikafika, na ndani ya dokezo lililofutwa kulikuwa na jina la kanisa la Kilutheri na jina la aliyelihariri mara ya mwisho: Dennis. Mwenyekiti wa baraza la kanisa hilo alikuwa Dennis Rader. Alikiri mauaji ya watu kumi.

Kwetu Tanzania, mlango wa ushahidi wa kompyuta ulifunguliwa na benki. Mwaka 2000, katika kesi ya Trust Bank Tanzania dhidi ya Le-Marsh Enterprises, Mahakama ya Biashara iliulizwa kama karatasi iliyochapwa kutoka kompyuta ya benki inaweza kupokelewa kama kitabu cha benki. Sheria ya Ushahidi ya 1967 ilikuwa inafikiria leja za kuandikwa kwa wino. Jaji Nsekela akasema inapokelewa, kwa kuwa sheria haiwezi kubaki nyuma ya namna watu wanavyofanya biashara. Ulikuwa uamuzi wa ujasiri, nami nauona kuwa mkubwa kuliko unavyosimuliwa. Bunge likafuata 2007 kwa marekebisho yaliyohusu pia kesi za jinai, kisha 2015 zikaja Sheria ya Makosa ya Mtandao na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki. Kenya iliingiza kifungu cha 106B kwenye sheria yake ya ushahidi, kinachotaka cheti cha kueleza kumbukumbu imetoka kifaa gani na kwa njia gani, na mwaka 2018 ikatunga sheria yake ya uhalifu wa mtandao.

Hata hivyo makosa yanayowaumiza watu wetu hayafanani na ya Hannover. Ni ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ushahidi wake umetawanyika: upo kwenye simu ya aliyeibiwa, kwenye kumbukumbu za kampuni ya simu, kwa wakala alikotolea fedha mwizi, na kwenye usajili wa laini. Usajili wa alama za vidole, ambao ukomo wake Tanzania ulikuwa Januari 20, 2020, ulisaidia, lakini laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha bibi asiyejua lolote bado humpeleka mpelelezi kwenye mlango usio wake. Na aliyeibiwa mara nyingi hupiga picha ya kioo, akaisambaza kwenye makundi, kisha kwa hasira akaufuta ujumbe wenyewe. Picha ya kioo haibebi taarifa zinazokaa ndani ya ujumbe halisi, na mtu yeyote mwenye simu anaweza kuitengeneza.

Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki kinaitaka mahakama iangalie taarifa ilitengenezwa na kutunzwa kwa njia ya kuaminika kiasi gani, uzima wake ulilindwaje, na mwenye kuituma alitambuliwaje. Maswali hayo yanaanza kujibiwa au kuharibika dakika simu inapokamatwa. Ikiachwa hewani, mwenye nayo anaweza kuifuta akiwa mbali, ndiyo maana hukatwa mawasiliano na kuwekwa kwenye mfuko unaozuia mawimbi. Askari akiifungua mezani na kuanza kusoma ujumbe, tarehe na hali za ujumbe hubadilika, hata akiwa na nia njema. Mahakamani wakili wa utetezi atauliza simu ilikuwa kwa nani kati ya siku ya kukamatwa na siku ya kuchunguzwa, nani aliiwasha, na nakala ilipigwa saa ngapi. Mpelelezi mwenye fomu zilizojazwa na kusainiwa kila simu ilipobadilisha mikono atamjibu kwa kusoma kilichoandikwa.