Mafuta ya Moteri Kwenye Barabara ya Kamanyola: Historia ya Imani na Mashaka

Kamanyola iko mahali ambapo bonde la mto Ruzizi linakutana na vilima vinavyopanda kuelekea Bukavu, jirani na Bugarama ya Rwanda na si mbali na mpaka wa Burundi, na kwa sababu hiyo historia yake ni historia ya vyombo vya usafiri vinavyosimama, kupakua, kupoza moteri na kuendelea. Ziwa Tanganyika liko kwenye kimo cha mita 770 hivi juu ya usawa wa bahari na ziwa Kivu kwenye mita 1,460, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo gari linalotoka Uvira hulazimika kuipanda katika mteremko mkali wa Ngomo, kati ya Kamanyola na Nyangezi. Moteri inayopanda Ngomo ikiwa na shehena haisamehe mafuta mabaya, na ndiyo maana swali la mafuta gani yatiwe na nani aaminiwe kuyatia limekuwa, kwa karibu miaka mia moja, swali la uchumi katika barabara hii.

Kabla ya moteri, mafuta yaliyojulikana zaidi kwenye ufuko wa kaskazini wa Tanganyika yalikuwa mawese, ambayo yaliuzwa ng'ambo zote mbili za ziwa muda mrefu kabla wasafiri wa Kiingereza Burton na Speke hawajafika Uvira mwaka 1858. Elimu ya kulainisha vyuma ilikuja na meli za mvuke, na mfano wake mashuhuri zaidi uko katika ziwa lenyewe. Mwezi Julai 1916 Wajerumani waliizamisha meli yao Graf von Götzen karibu na mlango wa mto Malagarasi ili isitekwe, lakini kwanza wahandisi wake waliipaka mitambo grisi nzito; Waingereza walipoiinua mwaka 1924 waliikuta mitambo hiyo bado inafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Miaka hiyo ya kukaa chini ya maji ilithibitisha jambo ambalo kila fundi analijua, yaani kwamba chuma huharibiwa zaidi na kukosa ulinzi kuliko na umri.

Upande wa Kongo, utawala wa Kibelgiji ulijenga reli nyembamba kutoka bandari ya Kalundu, Uvira, kupitia bonde la Ruzizi hadi Kamanyola, ambayo ilifanya kazi tangu miaka ya 1930 na kufungwa kabla ya uhuru wa 1960. Reli haikuweza kupanda Ngomo. Mizigo ilishushwa Kamanyola na kupakiwa kwenye malori yaliyokwenda Bukavu, na hivyo mji mdogo ukawa kituo ambapo kazi ya garimoshi ilikabidhiwa kwa moteri ya mafuta. Katika mpango huo mashirika makubwa, likiwemo baadaye shirika la sukari la Kiliba, yalimiliki magari, yalinunua mafuta kwa mapipa na kuwalipa mafundi mshahara. Fundi aliyetia mafuta yasiyofaa alikuwa anaharibu mali ya mwajiri wake, na mwajiri huyo huyo ndiye aliyechagua pipa. Gharama ya kosa na mamlaka ya kuchagua vilikuwa katika mkono mmoja. Imani ya enzi hiyo haikutokana na wema wa mtu, bali na mpangilio huo, ambao hata hivyo ulimweka Mwafrika katika nafasi ya kutii maagizo bila kufundishwa sababu zake.

Sababu hizo zilikuwa zinaandikwa mbali. Chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, kinachojulikana kwa herufi SAE na kilichoanzishwa mwaka 1905, kilitoa mwaka 1911 utaratibu wa kuyapanga mafuta kwa mnato, yaani kwa uzito wake wa kutiririka: namba ndogo ni mafuta mepesi, namba kubwa ni mazito. Baadaye yakaja mafuta ya namba mbili, kama 20W-50, ambapo namba iliyotangulia herufi W inaeleza wepesi wake moteri inapowashwa katika baridi, na ya pili inaeleza uzito unaobaki moteri ikiwa moto. Taasisi ya petroli ya Marekani, API, nayo ilipanga mafuta kwa ubora kwa kutumia herufi: zinazoanza na S kwa kawaida huhusu moteri za esansi, yaani petroli, na zinazoanza na C huhusu moteri za mazuti, yaani dizeli, huku herufi inayofuata ikionyesha kizazi cha kanuni, kwa mfano SN ya mwaka 2010 na SP ya mwaka 2020. Kwa hiyo bido, yaani kopo la mafuta, lina habari mbili tofauti, uzito na ubora, na mnunuzi anayesoma moja tu amesoma nusu.

Mpangilio wa kampuni ulivunjika kwa hatua. Mwaka 1964 waasi wa Simba waliteka Uvira, na mwezi Juni mwaka huo mapigano ya Kamanyola yalilivumisha jina la mji, ambalo Mobutu, aliyekuja kuwa rais, alilitumia baadaye kwa kikosi cha jeshi na kwa meli yake. Hatua iliyogusa zaidi biashara ya magari ilikuja tarehe 30 Novemba 1973, Mobutu alipotangaza Uzairishaji, yaani kuhamisha biashara za wageni, maduka na garaji zikiwemo, kwenda kwa raia wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo. Wengi wa waliokabidhiwa walikuwa watu wenye uhusiano na wakuu bila uzoefu wa kazi hiyo. Akiba za vipuri zikauzwa bila kununuliwa nyingine, na ingawa serikali ilianza kuwarudishia wenyewe mali zao miaka michache baadaye, mnyororo uliounganisha kiwanda, wakala na fundi ulikuwa umekatika. Vita vilivyoanza mwaka 1996, ambavyo vilifika mapema katika bonde la Ruzizi, vilimalizia kazi hiyo.

Pengo hilo lilizibwa na magari yaliyokwisha kutumika Japani, yenye usukani wa kulia katika nchi inayoendesha upande wa kulia, ambayo yaliingia kwa wingi kupitia Dar es Salaam. Gari la namna hiyo hufika bila kitabu cha mtengenezaji, au likiwa na kitabu cha Kijapani, na historia ya vidanji zake, yaani kumwaga mafuta ya zamani na kutia mapya, hubaki ng'ambo. Mafundi walijibu kwa kanuni moja rahisi: mafuta mazito, hasa 20W-50, kwa kila moteri, kwa hoja kwamba nchi ina joto na moteri imechakaa. Kanuni hiyo ilikuwa na akili kwa moteri za zamani zenye nafasi kubwa kati ya vyuma, lakini kwa moteri za karibuni, ambazo mtengenezaji amezipimia 0W-20 au 5W-30 na ambazo mifereji yake ya mafuta ni myembamba, mafuta mazito huchelewa kufika juu ya moteri kila asubuhi, na usagaji mwingi hutokea katika sekunde hizo.

Pikipiki za Kihindi za motari, yaani waendeshaji wa teksi za pikipiki, zilileta kosa lililo kinyume. Pikipiki hizo hutumia takriban lita moja tu ya mafuta, hupozwa kwa upepo, na klachi yake huzama ndani ya mafuta hayo hayo. Kwa hiyo zinahitaji mafuta ya pikipiki, yanayotambulika kwa alama ya Kijapani ya JASO MA, ilhali mafuta mengi mepesi ya magari ya kisasa yana viungo vya kupunguza msuguano ambavyo huifanya klachi iteleze. Motari anayenunua mafuta bora ya gari akidhani anaiheshimu pikipiki yake anaweza kuwa anaidhuru.

Katika mazingira haya imani imehama kutoka kwenye shirika kwenda kwenye macho ya mteja. Desturi ya mwenye gari kununua bido mwenyewe, kukagua kifuniko, kusimama karibu linapofunguliwa na kuhakikisha filta imebadilishwa si dharau kwa fundi. Ni njia ya kurudisha katika mkono mmoja gharama na mamlaka ambavyo zamani kampuni ilivishika pamoja. Desturi hiyo ina mipaka, kwa sababu bido linaweza kujazwa tena mafuta yaliyochujwa na kufungwa vizuri, na ndiyo maana mafundi wenye busara hulitoboa bido tupu mbele ya mteja.

Garaji ya wakala rasmi wa kiwanda, ambayo mwenye gari wa Kamanyola huifuata mbali, katika miji mikubwa, inastahili kupimwa kwa kipimo hicho hicho. Wakala ana kitabu cha mtengenezaji, filta halisi na jina la kulinda, na kwa gari lenye dhamana kumbukumbu zake zina thamani mbele ya kiwanda. Lakini mara nyingi mafuta yake hutoka kwenye pipa moja linalohudumia aina nyingi za moteri, na ratiba yake ya kilomita nyingi kati ya vidanji imeandikwa kwa barabara za lami. Watengenezaji wenyewe huweka katika vitabu vyao ratiba ya pili, fupi zaidi, kwa magari yanayobeba mizigo mizito, yanayopita katika vumbi au yanayopanda milima kwa mwendo mdogo, na barabara ya Uvira hadi Bukavu inatimiza masharti hayo yote.

Historia ya barabara hii inaonyesha kwamba hakuna taasisi iliyowahi kuaminika kwa jina lake peke yake: mashirika ya kikoloni yaliaminika kwa sababu yalilipia makosa yao, na warithi wa 1973 walishindwa kwa sababu wengine waliyalipia kwa niaba yao. Mwenye gari au pikipiki, awe kwa wakala rasmi au chini ya mwembe wa fundi wa jirani, anapaswa kujua namba ya uzito na herufi za ubora ambazo mtengenezaji aliziandika kwa moteri yake, kudai ziandikwe kwenye risiti pamoja na kilomita na tarehe, na kufuata ratiba fupi. Fundi anayekubali masharti hayo bila kununa ndiye anayestahili kuaminiwa.