Upinzani Kutoka Ndani: Hossein-Ali Montazeri, 1922–2009

Upinzani wa Hossein-Ali Montazeri ulichipuka ndani ya dola aliyoshiriki kuiasisi. Mwaka 1979 aliongoza Baraza la Wataalamu lililoandaa katiba ya Iran, iliyompa mwanazuoni wa fikihi mamlaka ya juu ya dola. Mwaka 1985 aliteuliwa kuwa mrithi wa Khomeini. Mwaka 1988, maelfu ya wafungwa wa kisiasa waliponyongwa, alimwandikia Khomeini kupinga. Hoja yake ilikuwa ya kisheria: kumuua mfungwa aliyekwisha kuhukumiwa adhabu ndogo, bila kosa jipya, ni kupuuza misingi ya hukumu. Mwezi Machi 1989 alivuliwa urithi. Khomeini alifariki Juni mwaka huohuo. Mwaka 1997, baada ya kuhoji sifa za kielimu za Khamenei, Montazeri alizuiliwa nyumbani kwake mjini Qom hadi 2003. Hatimaye alishikilia kwamba kazi ya mwanazuoni ni kusimamia, si kutawala. Mazishi yake ya Desemba 2009 yaligeuka maandamano. Hivyo, alichowadai watawala ni uaminifu kwa sheria waliyoinadi, na dai hilo lilimgharimu uongozi wa nchi.