Jina la Dhihaka

Neno la Kifaransa "Huguenot" halikuzaliwa kanisani. Wataalamu wengi hulifuatilia hadi neno la Kijerumani cha Uswisi, "Eidgenosse", yaani mwenzi wa kiapo. Mwaka 1526 mji wa Geneva ulifunga mapatano na Bern na Fribourg ili kujilinda dhidi ya mtawala wa Savoy. Waliounga mkono mapatano hayo wakaitwa "eiguenots". Huenda jina la kiongozi wao, Besançon Hugues, nalo lilichangia kuligeuza neno hilo.

Kufikia mwaka 1560 hivi, jina hilo lilitumiwa Ufaransa kuwadhihaki Waprotestanti. Amri ya Nantes ya 1598 iliwapa nafasi ya kuabudu. Ilipofutwa mwaka 1685, maelfu kwa maelfu walikimbia nchi. Marie Durand alifungwa katika mnara wa Aigues-Mortes tangu 1730 hadi 1768, asiikane imani yake. Jina la dhihaka likageuka jina la heshima, kwa kuwa walioitwa hivyo walitunza kiapo chao.

Wapendwa, hata sisi tuliitwa "Walutheri" na wapinzani. Luther mwenyewe, mwaka 1522, alisihi watu wasijiite kwa jina lake. Hata hivyo, mara ngapi tumewacheka ndugu zetu wa uamsho tukiwaita "walokole"? Neno hilo la Kiganda maana yake ni waliookolewa. Tumemcheka mtu kwa jina ambalo sisi wenyewe tunaliombea. Tutubu, kisha tuulize: kiapo chetu cha ubatizo tunakitunza?