Mbung'o, Ngitili na Ndege wa Shinyanga

Charles Swynnerton alikuwa mtafiti wa ndege. Yupo ndege wa misitu ya Usambara na Udzungwa anayeitwa kwa jina lake. Shinyanga, hata hivyo, ilimjua kwa shoka. Tangu miaka ya 1920, akiongoza vita vya wakoloni dhidi ya mbung'o, aliwatumia watemi wa Kisukuma kukusanya nguvukazi ya kufyeka vichaka. Pamba, mifugo na uhamisho wa vijiji vya Ujamaa vilikamilisha kazi hiyo. Serikali ilipoanzisha Hifadhi Ardhi Shinyanga (HASHI) mwaka 1986, ngitili zilizosalia zilikadiriwa kuwa hekta 600 tu.

Nawasisitizia wanafunzi wangu kwamba mafanikio yalikuja pale wataalamu walipoipa heshima ngitili yenyewe: malisho ambayo Wasukuma huyafunga wakati wa masika ili ng'ombe wapate majani kiangazi. Dagashida ilitunga kanuni, sungusungu wakazisimamia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, ngitili zilizidi hekta 300,000, na watafiti walirekodi humo spishi 145 za ndege.

Leo, katika ukanda wa dhahabu wa Geita, maduara ya wachimbaji wadogo yanahitaji matimba, na miji inahitaji mkaa. Mtumishi wa umma anayetoa vibali huko aisome historia hii. Vichaka vya Shinyanga vilifyekwa kwa amri kutoka juu. Vilirejea wanakijiji walipopewa mamlaka ya kuamua.