Kwa nini kinyama hukatwa kabla ya kutibu uvimbe

MTOTO anapovimba taya, wazazi wengi wa mwambao wa Ziwa Victoria hudhani ni jino, na mara nyingi hawakosei. Hata hivyo, katika ukanda huu uvimbe huo waweza pia kuwa saratani ya Burkitt, iliyopewa jina la daktari wa upasuaji Denis Burkitt, aliyeieleza mwaka 1958 baada ya kuiona kwa watoto nchini Uganda. Kwa kutazama tu, si rahisi kuwa na hakika. Jibu hutolewa na kipimo cha kinyama, ambacho kitaalamu huitwa bayopsi.

Bayopsi ni kuchukua sehemu ndogo ya nyama ya mwili na kuichunguza kwa hadubini. Huhitajika pale uvimbe au kidonda kisichopona kinapozua shaka ambayo vipimo vingine haviwezi kuiondoa. Tezi za shingo zilizovimba, kwa mfano, zaweza kuwa kifua kikuu au saratani, na dawa za ugonjwa mmoja haziponyi mwingine. Vivyo hivyo, damu katika mkojo yaweza kutokana na kichocho, lakini kichocho cha muda mrefu chaweza kuzaa saratani ya kibofu.

Namna ya kuchukua kinyama hutegemea mahali penyewe. Titi huchomwa sindano nene baada ya kutiwa ganzi. Tezi yaweza kutolewa nzima. Kibofu hufikiwa kwa mrija mwembamba wenye kamera. Watoto wadogo aghalabu hupewa dawa ya usingizi. Maumivu na kutokwa damu kidogo ni kawaida, ila mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hana budi kumweleza daktari mapema.

Kinyama huhifadhiwa katika fomalini, si katika maji, ili kisiharibike. Maabara hukigandisha ndani ya nta, hukikata vipande vyembamba kuliko unywele na kuvitia rangi, kisha daktari bingwa wa patholojia huvisoma. Ndiyo maana majibu huchukua siku kadhaa, pengine wiki. Kwa Kanda ya Ziwa, hospitali kubwa ya rufaa yenye huduma hiyo ni Bugando, jijini Mwanza.

Wapo wanaokwepa kipimo hiki wakiamini kuwa kisu huiamsha saratani. Uwezekano wa kuisambaza kwa njia hiyo ni mdogo mno. Hatari kubwa ni kuchelewa. Uvimbe wa Burkitt waweza kukua maradufu kwa siku moja au mbili. Hata hivyo, husinyaa haraka kwa dawa, na watoto wengi wanaowahishwa hupona.

Kwa hiyo, familia iliyovuka ziwa kutoka Ukerewe haipaswi kurejea nyumbani kabla ya kuacha namba ya simu na kujua siku ya kufuata majibu. Kinyama kilichopimwa hakimsaidii mgonjwa ikiwa majibu yake yamebaki kabatini.