Mke au Suria?

Juma lililopita mpwa wangu alikuja nyumbani na kompyuta yake, anaandika ukoo wetu. Mambo yalikwenda vizuri mpaka tulipofika kwa bibi aliyemzaa babu yangu. Mashine inataka kujua: ameolewa au hajaolewa? "Mjomba, niandike ameolewa?" Nikaitikia upesi. Shangazi yangu, aliyekuwa akichagua mchele mlangoni, akasema bila ya kuinua uso: "Hakuolewa yule. Alikuwa suria."

Tukanyamaza. Huku kwetu Zanzibar neno hilo halisemwi mbele ya wageni.

Suria alikuwa mtumwa aliyewekwa ndani na bwana wake bila ya ndoa. Kwa sheria ya Kiislamu mtoto aliyemzalia bwana huyo ni huru na hurithi sawa na mtoto wa mke. Mama naye huwa huru bwana akifa, ila harithi. Mjane wa ndoa hupata thumuni palipo na watoto. Suria hana fungu. Kwa hiyo neno moja hilo liliweza kuwa shamba zima la mikarafuu.

Wala si aibu ya wanyonge. Sayyida Salme, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886, anaeleza kuwa baba yake, Seyyid Said, alipofariki mwaka 1856 aliacha watoto 36, wote wa masuria. Mama yake mwenyewe, Jilfidan, alikuwa Mcherkesi. Mke wa ndoa, Azza bint Seif, hakuwa na mtoto.

Amri ya mwaka 1897 ilipoondoa hadhi ya utumwa Zanzibar, masuria iliwahesabu kama wake, wabaki walipo, isipokuwa aliyelalamika kwamba anateswa. Hadi mwaka 1909 ndipo nao waliporuhusiwa kuondoka. Mimi nashuku kwamba "wake" wengi wa hadithi za familia zetu waliingia kwa mlango huo.

Sasa kompyuta nayo inafanya vilevile. GEDCOM, mtindo wa kuhifadhi nasaba uliotoka mwaka 1984, humweka baba katika nafasi ya mume na mama katika nafasi ya mke, wawe wameoana au la. Atakayemtafuta suria humo hatamwona. Na ukiandika "hajaolewa", msomaji atadhani ni binti aliyekaa kwao.

Nikamwambia mpwa wangu sehemu ya ndoa aiache tupu, na pale pa maelezo aandike: suria, kwa kauli ya shangazi, na mwaka aliosema. Kama siku moja itapatikana hati ya kadhi inayosema vingine, iongezwe chini na kauli ya shangazi isifutwe. Mtu aweza kuwa suria mwaka huu, huru mwaka ujao, na mke wa mwingine baadaye.

Shangazi akakubali, lakini kwa sharti: aandikwe kwa jina lake, si "mama yake fulani" kama tulivyozoea. Akalitaja. Miaka yangu yote sikuwahi kulisikia. Hewani nimekatazwa kulisema.