Notcutt, Leslie Alan

Leslie Alan Notcutt, maarufu kama Meja Notcutt, alikuwa mtengenezaji wa filamu Mwingereza aliyeongoza kazi ya kupiga filamu 35, makao yake yakiwa Tanganyika, kati ya mwaka 1935 na 1937. Filamu hizo ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kutengenezwa Afrika Mashariki kwa ajili ya watazamaji Waafrika, zikichezwa na wenyeji na kusimuliwa kwa lugha zao. Wapo wanaomhesabu kuwa mtangulizi wa sinema ya Kiswahili, na wapo wanaomwona mtumishi mwaminifu wa ukoloni. Kazi zake zinathibitisha yote mawili.

Maisha ya awali

Mwaka 1926 Notcutt alikuwa meneja wa mashamba ya mkonge Afrika Mashariki. Hapo ndipo alipopata wazo kwamba sinema ya shambani ingewafanya vibarua waridhike na kazi.

Jaribio la Vugiri

Mashamba ya mkonge ya Tanga yalitegemea manamba kutoka mbali, wakiwemo Wanyamwezi na Wasukuma, ambao baba na babu zao walikuwa wapagazi wa misafara kati ya Tabora na pwani. Mabadiliko ya namna hiyo, ya watu kuhama vijiji kufuata mshahara, yaliwashughulisha pia wamisionari. J. Merle Davis wa Baraza la Kimataifa la Misioni alikuwa amechunguza hali ya wafanyakazi wa migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, na mwaka 1933 matokeo yakatoka kitabuni. Uchunguzi huo ndio uliozaa Jaribio la Sinema ya Elimu kwa Wabantu, lililogharimiwa kwa sehemu kubwa na Shirika la Carnegie la New York.

Notcutt alikabidhiwa upigaji filamu. Geoffrey Latham, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa elimu ya Waafrika Rhodesia ya Kaskazini, alisimamia upande wa elimu. Makao yaliwekwa Vugiri, katika milima ya Usambara karibu na Korogwe, na kazi ikaanza Julai 1935. Wenyeji waliajiriwa kama waigizaji na wasaidizi.

Filamu zilikuwa za milimita 16, zisizo na sauti. Maelezo na muziki vilirekodiwa kwenye santuri, na santuri ikachezwa sambamba na projekta. Njia hiyo ilikuwa rahisi na ya busara, kwa kuwa filamu moja iliweza kusimuliwa kwa Kiswahili leo na kwa lugha nyingine kesho kwa kubadili santuri tu. Udhaifu wake ulionekana mkanda ulipokatika na kuungwa: picha zilipungua, santuri ikaendelea, na maneno yakaachana na matendo.

Mada zilikuwa kilimo, mifugo, afya, kodi na utawala wa machifu, pamoja na hadithi chache za burudani. Filamu kuhusu Benki ya Akiba ya Posta inaonyesha mtindo wa Notcutt vizuri. Vibarua wawili wanapokea mshahara. Mmoja anafukia fedha zake ardhini na kuibiwa; mwenzake anazipeleka posta na zinabaki salama. Filamu nyingine zilihusu safura na mashamba ya wakulima wa Kingolwira, karibu na Morogoro.

Ziara za lori

Lori lenye projekta na jenereta lilizunguka Tanganyika, Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Lilisafiri maili 9,000 hivi na kutoa maonyesho 95, mbele ya watu wanaokadiriwa kufika 80,000.

Mabishano

Notcutt na Latham walieleza kazi yao katika kitabu kilichotoka London mwaka 1937. Humo wanawasilisha Mwafrika kama mtu anayehitaji kuelekezwa, na filamu za Hollywood kama hatari kwa sababu zinampa picha mbaya ya Mzungu. Hoja hii ndiyo inayolaumiwa zaidi na wanahistoria, na lawama hiyo ni ya haki. Aliyekuwa akionywa kuhusu fedha zake ndiye aliyetozwa kodi ya kichwa na kulipwa ujira mdogo, na hayo hayakuwa na nafasi katika filamu hizo.

Wakubwa wa serikali walilalamika kwa sababu nyingine. Waliona picha ni hafifu na sauti ni mbovu. Notcutt alitaka filamu ziendelee kutengenezwa papo hapo, kwa gharama nafuu na kwa mikono ya wenyeji waliofunzwa. Serikali za Kenya, Uganda na Tanganyika zilikataa kuchangia, na kazi ikafungwa Mei 1937. Kwa kukataa huko Tanganyika ilipoteza karakana ya filamu iliyokwisha kuwa na vifaa na mafundi.

Urithi

Mwaka 1939 Uingereza iliunda Kitengo cha Filamu cha Makoloni, kilichoendeleza filamu za mafunzo kwa usimamizi wa London. Katika miaka ya 1950 filamu za Kiswahili zilipigwa tena Tanganyika, ikiwemo Muhogo Mchungu, iliyochezwa na Rashidi Kawawa, baadaye waziri mkuu. Baadhi ya filamu za Vugiri, ikiwemo ile ya safura, zimehifadhiwa na Taasisi ya Filamu ya Uingereza.